Nilimwambia Mdogo Wangu Nimeshusha Kifurushi

Nina umri wa miaka thelathini na sita, niliachika zamani, sina mtoto, na mkono wangu wa kushoto haunyanyuki kupita sikio. Bega lilivunjwa kwa mchi wa kutwangia. Aliyelivunja ni mama yangu mzazi, na kabla hujamlaumu, ndugu msomaji, nisikilize kwanza nilichofanya.

Niite Zuhura. Ni mzaliwa wa Makorora, Tanga, na mtaa mzima unajua kwamba mimi si mtu wa kuchezewa. Shuleni nilipigana, kwa mume nilipigana, na kazini niliwahi kupewa barua ya onyo kwa kumtukana mteja kwenye simu. Bosi aliniambia kosa lingine moja tu nitakwenda nyumbani. Ikumbukeni barua hiyo, maana ndiyo niliyoiogopa kuliko Mungu.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, watu saba, ghorofani kwenye jengo la zamani pale Chumbageni. Tulikuwa tunafunga kwenye magari vifaa vya kuyafuatilia, vile ambavyo mwenye gari anafungua simu yake na kuona gari liko wapi. Mteja alilipia kwa mwezi, na vifurushi vilikuwa viwili. Cha Kawaida kilimwonyesha mwenyewe gari lilipo sasa hivi, basi. Cha Dhahabu kilionyesha kila lilikopita na kila lilikolala kwa miezi mitatu, kiliruhusu simu ya pili iangalie, na kilizipa simu zote mbili uwezo wa kuzima injini kutoka mbali, ili mwizi asifike nalo popote.

Mimi nilikuwa mtu wa vifurushi. Anayetaka kupanda, anayetaka kushuka, wote walipita kwangu. Kanuni zilikuwa mbili, nilizijua kama Alhamdu. Ya kwanza, usibadili kifurushi cha mtu mpaka umpigie mwenye akaunti kwa namba aliyoiandikisha, usikie kwa masikio yako akisema ndiyo. Ya pili, kupanda ni papo hapo, kushuka ni mpaka mwezi uishe. Ukishalipia Dhahabu utakaa Dhahabu hadi tarehe moja, hata kama umeomba kushuka dakika tano baadaye. Wateja walinung'unika, nami nikawa nawajibu kwa kiburi kwamba mwezi wameshaulipia, wautumie.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, Mwanaidi. Alikodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli, na alikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alichokinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa. Alikiendesha mwenyewe, kanga kiunoni. Akaunti nilimfungulia mimi, kwa jina lake na namba yake, kifurushi cha Kawaida.

Mumewe aliitwa Bakari, fundi wa kuchomelea mageti. Mbele za watu hakuna mfano wake. Baba yetu alipofariki ni Bakari aliyeshuka kaburini kumpokea. Mvua kubwa ilipojaza maji Makorora, ni yeye aliyembeba mama mgongoni kumpeleka hospitali. Lakini akishafunga mlango wake... alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa ilikuwa kofi. Mwaka wa pili ikawa mkanda. Mwaka wa tatu, siku ya pili ya Idi, alimshika Mwanaidi kisogoni akamgongesha uso kwenye bampa la kile kirikuu, kwa sababu alisikia amecheka na mteja. Nilipofika nilimkuta mdogo wangu amekaa kizingitini anatema damu kwenye kanga, meno mawili kayashika kiganjani. Bakari alikuwa ananawa mikono, taratibu, kama mtu anayetaka kula.

Nilichukua birika la chai lililokuwa linachemka jikoni nikammwagia kifuani. Alinguruma! Akanikaba koo akanibana ukutani mpaka macho yakaona giza, na lau majirani wasingevunja mlango nisingekuwa hapa nikiandika. Kovu la ukucha wake bado liko chini ya kidevu changu.

Wiki mbili baadaye Mwanaidi akapakia viti vyake akaondoka. Simu yake kubwa aliiacha, akabaki na kitochi chenye laini ileile ya biashara. Alikokwenda alimwambia mama tu. Mimi hakuniambia.

"Dada, nakupenda, lakini mdomo wako hauna mlango," aliniambia kwenye simu. "Bakari akikuchokoza ukakasirika, utanitaja bila kujua."

Iliniuma sana. Mimi niliyemwagia mtu chai ya moto kwa ajili yake, ndiye wa kufichwa? Nikabaki na kinyongo, kama chembe ya mchanga ndani ya wali. Kidogo tu, ila kila ukitafuna unakikuta.

Asubuhi moja Bakari akapanda ngazi za ofisini kwetu. Nilishika kalamu tayari kumchoma nayo. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa amemshika mkono Mzee Mhina, mshenga wake, yule aliyeleta posa nyumbani kwetu miaka ile. Mzee alikuwa anahema kwa zile ngazi. Nikaiweka kalamu chini, nikasimama, nikampa shikamoo yake, nikamvutia kiti.

Bakari hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti sakafuni mbele ya wafanyakazi wenzangu wote, shati wazi, ngozi ya kifua imekunjamana pale nilipomuunguza. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Shemeji, sikuulizi yuko wapi," alisema. "Hata ukijua hutaniambia, na ni haki yako. Miye naliogopea gari tu. Yuko peke yake na wezi ndio hawa. Nipandishie kile kifurushi, nitalipia miye, niwe naona tu kwamba gari lipo, roho itulie."

Mzee Mhina akaweka mkono wake juu ya meza yangu. "Mwanangu, siye hatukuombi siri," alisema. "Huyu amekosa na amejua. Leo aanze kwa kulinda mali ya mkewe, kesho nitakwenda miye kwa mama yenu kuomba suluhu. Mtu anayerudi usimfungie mlango."

Hapo ndipo muhali uliponishika, ile haya ya kushindwa kumkatalia mtu. Nyie wa pwani mnaujua muhali. Angekuja na matusi ningempiga kwa kiti nikafukuzwa kazi na roho yangu nyeupe. Lakini mzee mzima, aliyekula wali wa posa nyumbani kwetu, ananiomba kwa upole mbele za watu... ningemwambia nini? Na huyu aliyepiga magoti, si ndiye aliyemlaza baba yangu kwenye mwanandani kwa mikono yake?

Na sitaki kudanganya tena, kwa hiyo niseme lote. Kile kinyongo kilikuwepo. Nilijiambia wakipatana, mimi ndiye nitakayekuwa nimewapatanisha, na Mwanaidi atajua kama dada yake si mdomo tu.

Sikumpigia. Pale mfumo unapouliza kama mwenye akaunti amepigiwa, niliandika: Amepigiwa, amekubali. Nikaingiza namba ya Bakari kuwa simu ya pili. Nikabonyeza, na kikapanda papo hapo.

Mzee Mhina alinibusu mkono. Hawajamaliza kushuka ngazi, simu yangu ikaita. Alikuwa Mwanaidi.

"Dada, nimeandikiwa hongera, nimepanda Dhahabu. Mbona sijaomba?"

Nilikuwa nimesahau kwamba mfumo humtumia ujumbe mwenye akaunti. Nikamjibu ni hitilafu ya mitambo. Akaniuliza kama kuna mtu amekuja pale ofisini. Nikasema hapana.

"Basi kishushe, dada. Kishushe sasa hivi. Naogopa."

Nikabonyeza pa kushushia. Kompyuta ikanijibu yale niliyokuwa nawajibu wateja: ombi limepokelewa, kifurushi kitashuka tarehe moja. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu.

Ndugu zangu, njia ilikuwepo! Bosi alikuwa na uwezo wa kushusha kifurushi cha mtu papo hapo kwa nywila yake mwenyewe. Alikuwa chumba cha pili, namsikia akikohoa. Kazi yangu ilikuwa kunyanyuka, kutembea hatua kama kumi na kugonga mlango. Lakini angeuliza ni nani aliyempigia mwenye akaunti. Namba ya Bakari nayo ningeweza kuifuta mwenyewe, lakini mfumo ungemtumia ujumbe, naye angerudi kufanya fujo, na bosi angejua kila kitu. Nikaiona ile barua ya onyo. Nikajiona niko mtaani bila kazi.

"Nimeshashusha," nilimwambia.

"Kweli, dada?"

"Kweli. Kaa kwa amani."

Akashusha pumzi. Kisha akaniambia nimsamehe kwa yale maneno aliyosema kuhusu mdomo wangu, kwamba alikuwa na hofu tu, na kwamba Ijumaa akimaliza kazi atanipigia aniambie anakoishi. Nikamjibu yamekwisha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua siku nne.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, nakula muhogo wa kukaanga mezani kwangu. Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari mwekundu wenye jina la mdogo wangu: injini imezimwa kwa amri ya simu ya pili. Chini yake kulikuwa na ramani, na kile kialama cha gari kimesimama katikati ya shamba la mkonge, upande wa kwenda Pangani.

Nilimpigia, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa. Nilisikia mwanamke analia kwa mbali, na mtu anahema karibu na simu. Halafu sauti ya Bakari, tulivu kabisa.

"Shemeji, nimempata. Ahsante."

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na Mama Kijazi, mama wa Kibondei aliyekuwa anamsaidia Mwanaidi kazi. Mwanaidi alikuwa anaishi Muheza, kwenye nyumba iliyojaa wapangaji. Bakari alikuwa ameshaiona nyumba kwenye simu yake, lakini pale pana watu. Akasubiri aone gari linaelekea wapi penye upweke, akatangulia kujificha mbele yake. Siku hiyo walikuwa wamebeba viti na masufuria ya arusi. Barabarani hapakuwa na nyumba hata moja, mkonge kushoto, mkonge kulia. Gari lilipopunguza mwendo kwenye mashimo, injini ikanyamaza.

Mwanaidi alizungusha ufunguo mara tatu. Alidhani ni betri! Hakuwa na wasiwasi, mimi si nilimwambia akae kwa amani?

Bakari alitoka kwenye mkonge akitembea, hakukimbia. Simu mkono wa kushoto, panga mkono wa kulia. Mwanaidi akafunga milango. Bakari akavunja kioo kwa mpini, akamshika nywele, akamtoa kupitia palepale dirishani, vioo vikimchana kifua. Mama Kijazi aliruka akampiga mgongoni kwa chuma cha turubai. Bakari aligeuka akamkata mkono mpaka mfupa ukaonekana, kisha akarudi kwa mkewe kana kwamba aliyempiga ni nzi.

Mdogo wangu alichomoka akakimbia ndani ya mkonge, miguu mitupu, ile miiba ikimrarua mapaja. Alifika mstari wa tatu. Mama Kijazi anasema alikuwa anaomba kwa jina la mama yake Bakari, na alikinga uso kwa mikono, kwa hiyo mikono ndiyo iliyotangulia kukatwa. Anasema alihesabu mapigo bila kutaka na bado kila akilala anahesabu. Yalifika saba.

Wakata mkonge wa shamba la pili walisikia kelele wakaja na visu vyao. Hawakuuliza kitu. Sikio moja la Bakari lilibaki palepale shambani, na miguu yote miwili waliivunja kwa mawe. Polisi walimpata akiwa hai. Nilipoambiwa yu hai nilipiga kichwa ukutani mpaka nikatoka damu.

Hospitali nilifika kabla ya mama. Mwanaidi alikuwa juu ya machela, amefungwa bandeji mpaka shingoni, jicho moja limefunikwa. Alinitambua kwa lile jicho lililobaki. Niliinama nikasogeza sikio.

"Dada," alisema, "si uliniambia umeshusha?"

Nilimwambia anyamaze apumzike. Hilo ndilo neno la mwisho nililompa mdogo wangu... anyamaze. Alifariki kabla ya adhana ya alasiri.

Tulimzika kesho yake. Viti walivyokalia watu msibani vilikuwa vyake, vina jina lake kwa rangi nyekundu mgongoni. Wanawake walinishika mikono wakasema, pole Zuhura, wewe ndiye uliyempigania, ile chai ya moto hatuisahau. Nilizipokea pole zote. Mzee Mhina naye alikuja, akalia mbele ya mama kama mtoto. Macho yetu yalikutana mara moja, kila mmoja akainamisha kichwa chake.

Siku ya kwanza Bakari alipoletwa mahakamani, kwenye machela, nilivua kiatu nikamrukia. Nilimpiga palepale penye kidonda cha sikio, nikapiga na kupiga, askari wananivuta na watu wananishangilia. Yeye hakupiga kelele. Alinitazama akasema kwa sauti ndogo: "Mbona wanipiga, shemeji, na kazi tumeifanya wote?"

Kiatu kilinianguka mkononi. Askari walidhani wamenishinda nguvu.

Basi ikafika tarehe moja. Mama alikuwa anakaa na kile kitochi cha marehemu, kimefungwa kwenye pindo la kanga yake, anakichaji kila siku kama vile kuna atakayepiga. Asubuhi hiyo nilimkuta uani anatwanga kisamvu. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, akanikabidhi.

"Hebu nisomee," alisema. "Nani tena anamwandikia maiti?"

Nikasoma. Mpendwa mteja, ombi lako limekamilika. Kifurushi chako kimeshushwa kuwa cha Kawaida. Tunathamini usalama wako.

Maneno yale niliyatunga mimi mwenyewe. Jumbe zote za wateja zilikuwa kazi yangu, na hii niliwahi kusifiwa kwayo.

"Ombi gani?" mama akauliza. "Kaliomba lini?"

Sikuwa na uongo uliobaki. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, tangu Mzee Mhina alivyopanda ngazi. Mama alisikiliza mchi ukiwa mkononi. Nilipomaliza aliniuliza polepole, kama anayetaka kuelewa hesabu ya dukani.

"Kupanda kulichukua muda gani?"

"Papo hapo, mama."

"Na kushuka?"

"Mpaka mwezi uishe."

"Na weye ulijua."

"Nilijua."

"Ukamwambia mwenzio umeshusha."

"Ndiyo, mama."

Pigo la kwanza lilitua begani. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Sikukinga. La pili lilitua mgongoni nikaanguka juu ya kinu, kisamvu kikamwagika. Nilingoja la tatu... Wallahi nililitaka! Lakini mama alikuwa ameutupa mchi, amekaa chini, anapiga ardhi kwa viganja na kumwita Mwanaidi, Mwanaidi, Mwanaidi, mpaka majirani wakaja kutujaza ua.

Nilikwenda kwa bosi mkono ukiwa umefungwa shingoni, nikamweleza. Alinifukuza siku hiyohiyo, na simlaumu. Baadaye nilisikia amebadili mfumo, siku hizi kushuka ni papo hapo kama kupanda. Nilikwenda pia polisi nikaandikisha maelezo, na mahakamani nikayarudia mbele ya umma, pamoja na yale niliyoyaandika kwa mkono wangu, amepigiwa, amekubali. Bakari yuko gerezani na hatatoka. Mimi nilikaripiwa nikaachiwa.

Siku hizi nauza vitumbua Raskazone. Vile viti vya Mwanaidi mama bado anavikodisha, yeye na Mama Kijazi, na kila Jumamosi nakwenda kuviosha vikirudi kwenye shughuli. Mama hunifungulia geti, huitikia salamu yangu, basi. Ananiwekea ndoo mbili nusunusu badala ya moja iliyojaa, kwa sababu ya bega. Zaidi ya hapo hatujasema neno tangu siku ile.

Ndugu wasomaji, nawaomba. Wewe unayekaa kwenye meza yenye siri za watu, iwe za gari, za simu au za faili, akija mume, akija mshenga, akija mtu aliyemzika baba yako, mwambie ngoja nimpigie mwenyewe. Mwambie mbele za watu, aibu ikushike, ikuunguze, itapita. Kwa muhali wangu nilimwonea haya mzee nusu saa, nikamzika mdogo wangu. Na ukishakosea, kaseme siku hiyohiyo, kabla uongo haujapata siku nne za kutembea.

Nilikuwa nikijiambia mlango wa bosi ulikuwa mbali, hatua kama kumi. Siku niliyofukuzwa nilizihesabu nikienda kuaga. Zilikuwa sita.